Shajara ya mradi: dakika tano za mwanzo za "Kabla Mate Hayajakauka"

Jumamosi, 8 Februari 2025

Leo nimekaa nyuma ya wachezaji sita, daftari mkononi, bila kusema neno. Mwenye kibanda cha gemu jirani na kwetu alituachia luninga moja asubuhi kabla wateja wake hawajajaa. Nilitaka kuona jambo moja tu: mtu asiyejua lolote kuhusu gemu yetu anafanya nini katika dakika tano za mwanzo.

Wanne walibonyeza kitufe cha kuruka utangulizi kabla sentensi ya pili haijaisha. Wa tano aliacha hadithi iendelee, lakini macho yalikuwa kwenye simu. Wa sita, mtoto wa darasa la sita, alisikiliza kwa adabu mwanzo hadi mwisho, dakika mbili na sekunde arobaini, pedi ya kuchezea imelala mapajani. Picha ya mwisho ilipofifia akageuka akaniuliza, "Kaka, sasa inaanza saa ngapi?"

Nimeliandika swali hilo kwenye karatasi na kulibandika juu ya meza ya kazi.

Kwa anayesoma shajara hii kwa mara ya kwanza: tunatengeneza gemu ya hadithi, ya mchezaji mmoja, inayotokea Ngamiani, Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mhusika ni Mwanaidi, binti wa miaka kumi anayelelewa na bibi yake wakati baba yuko safarini na lori. Asubuhi moja habari ya kifo cha baba inafika nyumbani, na gemu nzima inamfuata Mwanaidi kuanzia msiba hadi arobaini. Mimi naandika hadithi na kodi, yaani maagizo ya kompyuta, kwa Godot, programu ya bure ya kutengenezea gemu. Binamu yangu anachora. Sauti tunarekodi kwa simu, chumbani, tukiwa tumetundika mablanketi ukutani kuzuia mwangwi.

Mwanzo tulionao ni kioo cheusi, neno PAUKWA, kisha sauti ya msimulizi inayoeleza Mwanaidi ni nani, baba ni nani na mtaa ukoje, juu ya picha saba. Maneno yale nayapenda, niliyahangaikia miezi miwili. Lakini leo nimeona kasoro yake waziwazi. Barazani, bibi haanzi ngano mpaka wajukuu waitikie "Pakawa", na akiona wamesinzia anarudia. Kioo chetu kinasema Paukwa halafu kinaendelea na mambo yake, hakingoji mtu.

Jumatano, 12 Februari

Nimeziondoa picha zote saba. Binamu ameumia, mbili kati yake zilimchukua wiki nzima. Tumekubaliana zirudi ndani ya gemu kama picha za kutundikwa ukutani kwa bibi.

Jioni nimerudia mwanzo wa Half-Life, gemu ya Valve iliyotoka Novemba 1998. Miaka mitano kabla yake, Doom ilikuwa inakuweka chumbani na bastola mkononi, maadui wakikungoja mlango wa pili. Half-Life inakupandisha kwenye behewa dogo linaloning'inia relini, chini ya ardhi, wewe ukiwa mwanasayansi Gordon Freeman anayekwenda kazini. Sauti ya kike kwenye spika inakutakia asubuhi njema na kukutajia saa: mbili na dakika arobaini na saba. Inakutajia na joto la nje. Huna silaha wala adui, na kwa dakika kadhaa kazi yako ni kutazama.

Lakini miguu ni yako. Unaweza kutembea ndani ya behewa, kwenda dirisha la kushoto au la kulia, kuangalia chini. Nilikaa na daftari nikaandika kila kinachopita: mlinzi amesimama nje ya mlango uliomfungia, anagonga, mashine kubwa zinabeba mizigo, majimaji ya kijani yenye sumu yamejaa bwawani, na kwenye behewa jingine lililosimama, mtu mwenye suti na mkoba anakutazama ukipita. Hakuna anayekwambia "mtazame huyo". Ukiwa umegeukia dirisha la pili, hukumwona. Na ukimwona, umempata wewe mwenyewe, si kwamba umeonyeshwa.

Majina ya watengenezaji yanatokea wakati huohuo. Yaani walichukua ile sehemu ambayo mtu huiruka, wakaifanya safari ya kwenda kazini. Na mahali hapa pana taratibu, ratiba, matangazo ya spika, watu wenye shughuli zao. Baadaye vitu vinapoanza kuharibika, mchezaji anajua palivyokuwa jana. Sisi kwenye mwanzo wetu tulimwambia mchezaji kwamba nyumba ya bibi ilikuwa na amani. Hakuwahi kukaa ndani yake hata dakika moja.

Jumapili, 16 Februari

Mario ya 1985 sitaiandikia mengi, imeshasemwa sana: Mario amesimama kushoto ametazama kulia, kulia kuna nafasi tupu, na kila anachotakiwa kujua mchezaji anakijua kwa kutembea hatua chache. Nakubali. Ila pale hakuna hadithi inayobeba uzito, na tatizo langu ni hadithi.

Iliyonikalisha hadi usiku wa manane ni The Last of Us, ya 2013. Nilidhani naikumbuka. Nilikuwa nakumbuka kilio cha mwisho wa sehemu ile, nikasahau kinachotangulia: mchezaji haanzi kama Joel, mtu atakayemwongoza gemu nzima. Anaanza kama Sarah, binti yake wa miaka kumi na miwili. Ni siku ya kuzaliwa ya baba, mtoto amempa zawadi ya saa ya mkononi, kisha kalala. Anaamshwa usiku na simu. Hapo ndipo unapopewa pedi: mtoto mwenye usingizi anamtafuta baba yake gizani.

Anatembea polepole. Anafungua milango. Kuna gazeti, kuna luninga inayotangaza balaa halafu mlipuko unaonekana kwa mbali dirishani. Mchezaji anafanya kazi ndogo kabisa, kumtafuta baba, na jambo kubwa linapita pembeni. Wanapoingia garini na baba na baba mdogo, anabaki kiti cha nyuma anageuza shingo tu kutazama mji unavyoungua. Kisha pedi inahamishwa, sasa wewe ni Joel na mtoto uko naye mikononi. Huwezi kupiga mtu. Unaweza kukimbia tu. Na baada ya yote yale hadithi inaruka miaka ishirini, na ile saa bado iko mkononi mwake, imevunjika.

Nimefikiria saa ile kwa muda mrefu. Kama wangeanza kwa kutuambia "Joel alimpoteza binti yake", tungemhurumia. Walichofanya ni kutuweka ndani ya yule aliyepotea.

Nimeandika kwenye karatasi ya pili, chini ya swali la yule mtoto: *kazi ndogo mkononi, jambo kubwa pembeni mwa jicho.*

Jumapili, 23 Februari

Jibu limekuja kutoka nje ya kompyuta. Tulikuwa kwa shangazi, watoto wanacheza uani, shangazi akiwa jikoni akaita jina la binti yake. Mtoto hakuitika mara moja. Shangazi akaita tena, sauti imepanda. Mara ya tatu akataja jina la mtoto na la baba yake. Hapo uani pote pakanyamaza, na yule binti akaruka: "Abee mama!"

Nani kati yetu hajaitwa hivyo? Mtoto wa kike anaitika "abee", wa kiume "naam", na ukiitika "nini?" utajuta. Kuitika ni jambo la kwanza tunalofundishwa kulifanya kwa wakati. Mchezaji wetu anajua kitufe cha kwanza kabla hajagusa pedi.

Usiku huohuo nimekiunda. Kioo ni cheusi. Unasikia kuku, redio ya mbali, kengele ya baiskeli, ufagio wa njiti ukipita mchangani. Kisha sauti ya bibi: "Mwanaidi!" Hakuna maandishi, hakuna alama ya kitufe. Ukibonyeza chochote, sauti ya mtoto inasema "Abee bibi!" na macho yanafunguka: uwanja, mwembe, jua la saa tatu.

Usipobonyeza, bibi anaita tena baada ya sekunde sita, kwa ukali kidogo. Mara ya tatu anataja jina kamili. Baada ya hapo haiti tena. Unasikia ndara zake zikija. Zikifika karibu, macho yanafunguka yenyewe na bibi amesimama mbele yako. Sehemu hiyo imenichukua saa nne, maana sauti ya ndara lazima iongezeke bila kuruka, na kompyuta yangu ya zamani inakwama ikipakia sauti nyingi pamoja. Nimezipunguza zikawa tatu, inatosha.

Sasa tuna "Pakawa" yetu.

Jumatatu, 3 Machi

Bibi amemwita kwa ajili gani? Nimejaribu kumfanya amtume maji, amtume kuni, amwambie afue. Yote yalikuwa mazoezi ya vitufe yaliyovalishwa kanga. Binamu ndiye aliyesema: "Mtume dukani."

Kisha tukaangaliana, kwa sababu sote wawili tulikumbuka jambo lilelile. Nyumbani, wakubwa wakitaka kuzungumza jambo zito, mtoto hutumwa dukani. Si kwa sababu sukari imeisha. Ni kwa sababu asiwepo.

Hiyo ndiyo hadithi yetu nzima, na tulikuwa tumeikalia. Watu wawili wamekuja asubuhi, wamekaa barazani. Bibi anamwita Mwanaidi, anampa hela: nusu kilo ya sukari, majani ya chai, chenji irudi. Anatema mate mchangani. "Urudi kabla mate haya hayajakauka."

Jina la gemu limebadilika leo.

Mate ni saa. Binamu ameyachora kwa picha saba, doa jeusi la unyevu linalopungua kutoka pembeni kuelekea katikati. Swali lilikuwa kama tuweke kihesabu pembeni mwa kioo. Final Fantasy VII ya 1997 inafanya hivyo: unaanza kwa kuruka kutoka kwenye treni, unatega bomu kwenye mtambo, kisha unapewa dakika kumi za kutoka, na namba zinateremka mbele ya macho yako. Prince of Persia ya 1989 inakupa dakika sitini kwa gemu nzima, lakini haikai na saa kioni muda wote, inakukumbusha mara kwa mara zimebaki ngapi. Hiyo ya pili imenivuta zaidi. Mtoto aliyetumwa hana saa. Ana doa la mate kichwani mwake. Kwa hiyo kioo kitabaki kitupu, na ukichelewa njiani Mwanaidi atajisemea: "Yatakuwa yameanza kukauka."

Njiani kuna wasichana wanacheza rede. Wanamwita. Ukitaka kucheza unacheza, mpira unarushwa kweli na unakwepa kweli. Nimetumia siku mbili kwenye rede na sijutii.

Jumapili, 16 Machi

Mwezi wa Ramadhani, kazi inafanyika baada ya futari.

Rafiki ana Tales of Kenzera: Zau, ya 2024, iliyotengenezwa na Surgent Studios ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Nimeicheza kwa sauti za Kiswahili. Nataka niandike wazi kwamba nilitulia nikasikiliza kwa dakika kadhaa bila kusogea, kwa sababu tangu utotoni nimeshika pedi nikisikia Kiingereza na Kijapani.

Salim aliitengeneza kutokana na kumpoteza baba yake, na mwanzo haufichi hilo. Kijana Zuberi amefiwa na baba, mama anampa kitabu kilichoandikwa na marehemu, na ndani ya kitabu kuna Zau, mganga kijana anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili baba yake arudishwe. Msiba uko mezani tangu dakika ya kwanza. Mchezaji anajua analilia nini na anatafuta nini.

Binamu akauliza, basi kwa nini sisi tunaficha? Tumebishana hadi karibu na daku. Hoja yake ni kwamba mchezaji asiyejua kuna msiba ataona anatumwa sukari tu, atachoka. Ni hoja nzito. Akanitajia na Aurion ya Kiro'o Games wa Kamerun, ya 2016, inayoanza siku ya kutawazwa kwa mwana wa mfalme Enzo, ndiyo hiyohiyo siku ya ndoa yake, kisha shemeji anampindua. Huko nako jambo kubwa liko wazi.

Jibu langu: Zuberi na Enzo wanajua kilichowapata. Mwanaidi hajui, na kutojua kwake ndiko tunakotaka mchezaji akae. Anayecheza asimhurumie Mwanaidi kutoka juu. Awe mtoto aliyebana hela kiganjani na anawaza rede.

Tumekubaliana hivi: tunaficha, lakini lazima mtaa ujue. Kila mtu mzima atakayekutana naye njiani awe anajua.

Jumamosi, 29 Machi

Wiki mbili za mtaa unaojua. Hizi ndizo siku nilizozifurahia zaidi tangu mradi uanze.

Jirani anayepiga redio kila siku, leo ameizima. Ukipita mara ya kwanza inaimba, ukirudi kimya. Mwendesha baiskeli ambaye huwa anampigia Mwanaidi kengele na kumtania anashuka, anaikokota, anamtazama bila kusema. Wanawake wawili wanaongea mlangoni na sauti zinashuka unapokaribia. Yote haya yanafanya kazi kwa umbali tu, hatua fulani kutoka kwa Mwanaidi, hayachukui pedi mikononi mwa mchezaji hata sekunde moja.

Dukani kuna foleni. Watu wawili wako mbele yako na mwenye duka anapima taratibu kwenye mizani. Zamu yako ikifika, anafunga sukari kwenye karatasi ya kaki, anaongeza majani ya chai, anazitazama zile hela, anazirudisha. "Mwambie bibi, zikae." Mara ya kwanza nilimwandikia sentensi tatu za kueleza. Nimezikata yakabaki hayo tu, maneno matatu.

Na viatu. Wazo la viatu ni la binamu. Unapotoka, mlangoni kwa bibi kuna jozi mbili za wageni, zimepangwa. Unaporudi ziko kumi na moja, nyingine zimevuliwa kwa haraka zikapinduka. Jamvi limetandikwa chini ya mwembe. Wanaume wamekaa. Hakuna anayekimbia, hakuna muziki.

Kuhusu mate: nimeamua. Mchezaji hawezi kuwahi. Foleni ya duka inahakikisha hivyo hata ukikimbia njia nzima na kuwakatalia wasichana wa rede. Doa litakuwa limeshakauka. Kuna sheria moja niliyoogopa kuivunja, kwamba usimpe mchezaji kazi isiyowezekana. Lakini kazi hii haina adhabu, na hapo ndipo hadithi inapofunguka.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumerudi kibandani baada ya Idi. Wachezaji saba, mmoja ni yule mtoto wa darasa la sita. Mwingine ni mama anayeuza chapati jirani ambaye hajawahi kushika pedi, alikuja kumfuata mwanawe akakaa.

Vya kurekebisha kwanza. Rede ni tamu kupita kiasi, kijana mmoja alicheza dakika tisa. Sauti ya Mwanaidi ya kujikumbusha mate haisikiki wasichana wakipiga kelele, niishushe ile nyingine. Mtu mmoja hakuona duka kabisa, alipita, kwa hiyo kibao kinahitaji rangi. Kengele ya baiskeli inalia mara mbili bila sababu, kosa langu kwenye kodi, nimeshaliona.

Kuitika: sita kati ya saba walibonyeza kabla ya mara ya tatu. Mama wa chapati hakujua vitufe. Alisema "Abee" kwa mdomo, akiitazama luninga, kisha mwanawe akambonyezea.

Hakuna aliyeuliza inaanza saa ngapi.

Yule mtoto alikimbia kutoka duka hadi nyumbani, aliwakatalia rede, alikata kona zote. Alipofika uwanjani hakutazama jamvi wala wanaume. Alikwenda moja kwa moja pale mchangani bibi alipotema mate, akainamisha kamera. Pakavu. Akasema "Ah, nimechelewa," akamsogeza Mwanaidi taratibu hadi mlangoni, katikati ya viatu. Bibi akatoka. Akapokea sukari. Akamshika Mwanaidi kichwani, akaacha mkono pale.

Mtoto alingoja. Niliona kidole gumba kimetulia juu ya kitufe.

"Kaka," alisema bila kugeuka, "mbona hamgombezi?"